Tezi Dume ya Mume, Uamuzi wa Wawili

*Saratani ya tezi dume ina tiba zaidi ya moja, na kila tiba ina gharama yake chooni na chumbani. Kabla ya kusaini fomu ya hospitali, kaeni wawili mzungumze.*

Kuna magonjwa ambayo mtu akiugua, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi. Na kuna magonjwa ambayo hata mke wa ndani anakuja kuyajua siku mumewe anapelekwa chumba cha upasuaji. Saratani ya tezi dume iko kwenye kundi hili la pili. Mzee ataamka usiku mara nne kwenda msalani, mama atauliza "Vipi baba nanihii, hulali?", atajibiwa "Ah, maji nimekunywa mengi." Mazungumzo yanaishia hapo.

Wewe msomaji wetu mwenye miaka 30 na kitu unaweza kusema haya ni mambo ya wazee. Subiri kidogo. Kwanza, huyo mzee ni baba yako au baba mkwe wako, na siku majibu yakitoka simu itapigwa kwako. Pili, mwanaume ambaye baba yake au kaka yake aliugua saratani hii ana hatari kama mara mbili ya mwingine. Na sisi watu weusi tumo kwenye hesabu mbaya zaidi: huko Uingereza, ambako takwimu zinawekwa vizuri, mwanaume 1 kati ya 8 huipata katika maisha yake, lakini kwa mwanaume mweusi ni 1 kati ya 4.

Habari njema ni kwamba ikigunduliwa mapema inatibika. Habari ambayo watu hawaambiwi ni kwamba mara nyingi mgonjwa anapewa nafasi ya kuchagua tiba. Na hapo ndipo ndoa nyingi zinapokosea: anachagua mmoja, wanaishi na matokeo wawili.

KWANZA, IJUE YENYEWE

Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wa ndimu changa, kilichokaa chini ya kibofu na kuzunguka njia ya mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Pembeni yake, karibu kabisa, hupita mishipa ya fahamu inayofanya uume usimame. Chini yake kuna msuli unaobana mkojo. Shika picha hiyo kichwani, maana ndiyo inayoeleza kila kitu kitakachofuata: huwezi kuigusa tezi hii bila kuwasumbua majirani zake.

Tezi ikivimba si lazima iwe saratani. Wanaume wengi wakifika uzeeni tezi hukua tu, mkojo ukatoka kwa kusuasua. Saratani changa mara nyingi haina dalili yoyote. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na daktari pia anaweza kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa (ndiyo kaka, kidole, sekunde chache na yamekwisha). PSA ikiwa juu bado haisemi kwamba una saratani. Uhakika unapatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuviangalia maabara. Huko hutoka alama za Gleason, kuanzia 6 hadi 10. Sita ni saratani pole, inatembea taratibu. Nane hadi kumi ni kali.

Kwa hiyo mgonjwa asiondoke kwa daktari na neno moja tu, "saratani." Aondoke na majibu matatu: alama ni ngapi, imetoka nje ya tezi au bado iko ndani, na PSA ni kiasi gani.

USISAINI USIKU HUO HUO

Neno saratani likitajwa, akili inaruka. Familia inataka kitu kifanyike kesho asubuhi. Mjomba anasema apelekwe India, shangazi ana mti wake wa dawa kutoka kijijini, na wewe uko kwenye simu unatafuta mkopo.

Pumueni. Saratani ambayo bado iko ndani ya tezi kwa kawaida inakua polepole, na wiki chache za kuuliza, kusoma na kupata maoni ya daktari wa pili haziharibu kitu. Za haraka zipo, lakini zina dalili zake: mkojo kuziba kabisa, au maumivu makali ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu. Hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri kikao cha familia.

TIBA ZENYEWE NI HIZI

Kufuatilia kwa karibu. Wengi wakisikia hivi wanadhani daktari amekata tamaa au hospitali haina dawa. Hapana. Kwa saratani pole, mgonjwa hupimwa PSA kila baada ya miezi kadhaa, na vipimo vingine vinarudiwa kwa ratiba. Ikianza kuchachamaa, ndipo anatibiwa. Faida yake ni kwamba chooni na chumbani mambo yanabaki kama yalivyo kwa muda mrefu. Kasoro yake ni moyo: kuna watu hawawezi kulala wakijua wana saratani mwilini. Na inahitaji nidhamu. Mtu anayepotea kliniki mwaka mzima hiyo si tiba yake.

Upasuaji. Tezi yote inatolewa. Inafaa zaidi kwa mwanaume ambaye bado ana nguvu na saratani haijatoka nje. Hofu ya "bado imo ndani" inaisha. Ila mkojo na kusimama kwa uume vinapata misukosuko mara moja, kisha vinapona taratibu, kwa wengine kikamilifu na kwa wengine nusu nusu.

Mionzi. Hakuna kisu. Mgonjwa analala kwenye mashine dakika chache, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nne hadi nane kutegemea mpango wa hospitali. Mkojo hauvuji sana kama baada ya upasuaji, lakini unaweza kuchoma au kuja mara kwa mara, utumbo ukasumbua, na uchovu ukawa mwingi. Nguvu za kiume hupungua pia, ila kwa wengi ni pole pole. Kwa Tanzania, huduma ya mionzi iko kwenye hospitali chache, zikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kwa mzee wa Songea au Kigoma swali la kwanza siyo mashine, ni atalala wapi wiki zote hizo, na mama atakuwa wapi.

Homoni. Saratani hii hulishwa na homoni za kiume. Zikizimwa, kwa sindano au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, saratani inanywea. Ni tiba kuu pale ugonjwa uliposambaa, na wakati mwingine inaongezwa juu ya mionzi. Hapa kwetu wagonjwa wengi wanafika wamechelewa, kwa hiyo hii ndiyo tiba ambayo familia nyingi zitakutana nayo. Hamu ya tendo hushuka sana, misuli hupungua, mifupa hudhoofika, na mzee hupata joto la ghafla kama mama aliyekoma hedhi. Mama atamwelewa vizuri tu, kama atakuwa ameambiwa.

WAKUBWA WALICHAGUA NINI?

Mwaka 2001 Nelson Mandela aligundulika na saratani ya tezi dume akiwa na miaka 83. Alitibiwa kwa mionzi kwa wiki saba. Aliishi miaka mingine 12, akafariki Desemba 2013 kwa maradhi ya mapafu.

Novemba 2014, Rais wa Tanzania wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Alikuwa na miaka 64. Aliporudi aliwaambia wananchi wazi kilichomsibu na kuwahimiza wanaume wakapime. Vijiweni watu walilizungumza jambo ambalo lilikuwa halitajwi.

Sasa mlinganishe na Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Alifanyiwa upasuaji wa saratani hiyo hiyo Desemba 2023 bila kumwambia hata bosi wake, Rais Biden. Mwaka mpya ulipoingia akarudishwa hospitali kwa maambukizi, siri ikafichuka, na Februari 2024 akasimama mbele ya waandishi wa habari kuomba radhi. Waziri mwenye jeshi kubwa namna ile, na bado aibu ya tezi dume ilimshinda! Usimshangae sana baba yako.

Tofauti ya Mandela na Kikwete siyo kwamba mmoja alijua zaidi. Ni umri. Mzee wa miaka 83 kwa kawaida hapewi kisu. Kwa hiyo "fulani alifanya hivi akapona" isiwe sababu ya kuchagua tiba. Fulani ana mwili wake na wewe una wako.

NAMBA ZINASEMAJE?

Kati ya mwaka 1999 na 2009, watafiti wa Uingereza waliwachukua wanaume 1,643 wa miaka 50 hadi 69 waliokuwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi. Waliwagawa kwa kura makundi matatu: kufuatiliwa, upasuaji na mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Katika makundi yote matatu, karibu watu 97 kati ya 100 hawakuuawa na saratani hiyo. Tofauti ya vifo kati ya kundi na kundi ilikuwa ndogo mno.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Iko kwenye maisha ya kila siku. Miezi sita baada ya kuanza, waliokuwa wakivaa pedi kwa ajili ya mkojo walikuwa 46 kati ya 100 kwa waliopasuliwa, 5 kwa mionzi na 4 kwa waliofuatiliwa. Baada ya miaka sita, waliopasuliwa walikuwa wameshuka hadi 17.

Chumbani je? Kabla ya tiba, 67 kati ya 100 waliweza kusimamisha vya kutosha kwa tendo. Miezi sita baadaye walibaki 12 kwa upasuaji, 22 kwa mionzi na 52 kwa waliofuatiliwa. Baada ya miaka sita ilikuwa 17, 27 na 30. Angalia hilo kundi la mwisho: hata wasiotibiwa mwanzoni walishuka, maana umri nao haumsubiri mtu, na baadhi yao walishaingia kwenye tiba. Kufikia miaka 15, 61 kati ya 100 wa kundi la kufuatiliwa walikuwa wametibiwa. Na kwao saratani ilisambaa mara nyingi zaidi, karibu 9 kati ya 100, dhidi ya 5 kwa wale wengine.

Tahadhari: karibu wote walikuwa wazungu, na walikamatwa mapema kwa kipimo cha PSA. Usizichukue namba hizi kama zako. Zichukue kama sababu ya kumuuliza daktari: "Kwa hali yangu mimi, ipi inaniongezea maisha, na ipi inanipunguzia nini?"

NANI AAMUE?

Hapa ndipo penye kazi. Kwetu, mzee akiugua linaundwa kundi la WhatsApp. Wenye kazi wanachangia, na mwenye kuchangia zaidi sauti yake inasikika zaidi. Baba anasema, "Fanyeni mnavyoona wanangu." Mama hajaulizwa. Wiki mbili baadaye baba ameshapasuliwa, na mama ndiye anayefua mashuka.

Tatizo ni kwamba maswali yenyewe ni ya chumbani. Utamwambiaje baba yako mzazi, "Mzee, je, wewe na mama bado mna habari?" Haiwezekani, na wala hutakiwi. Lakini kukaa kimya siyo heshima, ni kuwaacha wazee gizani. Njia zipo:

Mpe baba karatasi ya maswali aende nayo mwenyewe (tumekuwekea hapo chini). Karatasi haina haya. Mwombe daktari awaite baba na mama peke yao, ninyi watoto mkae nje kwenye benchi. Tumia mtu anayeruhusiwa kuongea: babu au bibi mwenye utani, mjomba wa rika lake, shangazi kwa upande wa mama, au rafiki wa baba aliyekwisha kupita njia hiyo. Kama baba ana wake wawili, wote wawili wana haki ya kuelezwa.

Na msikisie kwamba mzee wa miaka 68 "mambo hayo alishaacha." Hamjui. Kisieni kinyume chake, mtakuwa salama zaidi.

Kwa ninyi wenyewe vijana, siku ikiwafika kuna swali moja la ziada: bado mnataka mtoto? Baada ya kuondolewa tezi mwanaume hatoi manii tena, na mionzi na homoni nazo huvuruga uzazi. Mbegu zinaweza kuhifadhiwa, lakini kabla ya tiba. Baada ya hapo ni majuto.

BAADA YA TIBA: MWAKA WA SUBIRA

Anayepasuliwa hurudi nyumbani na mpira wa mkojo, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, mikono ioshwe kabla ya kuugusa, maji yanywewe. Homa, mpira kuziba au mguu mmoja kuvimba ni safari ya hospitali. Kubeba ndoo na magunia marufuku kwa wiki kama sita.

Mpira ukitoka, mkojo utavuja. Akicheka, akikohoa, akinyanyuka kwenye kiti. Hapa wanaume wengi huvunjika moyo, wanaacha kwenda msikitini, kanisani, hata kijiweni. Mueleze mapema kwamba ni jambo linalotarajiwa, na kwa wengi linapungua ndani ya miezi mitatu hadi mwaka. Pedi zinunuliwe kabla, bila mzaha. Dada, wewe unayajua maduka na saizi, msaidie mzee. Suruali nyeusi nazo zinasaidia.

Dawa kubwa hapa ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Abane kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, ahesabu hadi tano, aachie, arudie mara kumi, seti tatu kwa siku. Asibane tumbo wala makalio, wala asishike pumzi. Akiwa bado na mpira asifanye. Anaweza kujifunza kabla ya upasuaji, na baadaye hata kwenye daladala hakuna atakayejua.

Chumbani kunahitaji subira zaidi. Mishipa ya fahamu iliyoguswa hupona kwa miezi, kwa wengi hadi mwaka au miwili. Jogoo kushindwa kupanda mtungi mwezi wa pili siyo hukumu ya maisha. Na kuna jambo wengi hawalijui: mwanaume anaweza kufika kileleni hata kama hakusimama na hakuna kinachotoka. Raha haikuwa ndani ya tezi.

Daktari ana vidonge, ana pampu ya kuvuta hewa, ana sindano. Uliza. Usinunue "dawa ya nguvu" ya barabarani, maana hujui kilichomo, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayemeza dawa za kundi la naitreti, vidonge vya aina ya Viagra vinaweza kuua.

Kwa mke: asipokugusa usidhani amekuchoka au ana nyumba ndogo. Mara nyingi anaogopa kuanza kitu ambacho hatakimaliza. Mwambie kwamba kulala mkiwa mmekumbatiana kunatosha kwa sasa. Kwa mume: usihamie chumba cha wageni. Ukimnyima maelezo, mwenzio atatunga ya kwake.

Na PSA iendelee kupimwa. Baada ya upasuaji inatakiwa ishuke hadi karibu na sifuri. Baada ya mionzi inashuka taratibu. Kujisikia vizuri hakutoshi kuacha kliniki.

MASWALI YA KWENDA NAYO KWA DAKTARI

1. Alama zangu za Gleason ni ngapi, na saratani imefika wapi?
2. Je, naweza kufuatiliwa tu kwa sasa? Kama hapana, kwa nini?
3. Ni tiba zipi zinanifaa, na ipi haipo hapa hospitalini kwako?
4. Wewe umeshafanya upasuaji huu mara ngapi?
5. Wagonjwa wako wangapi bado wanavaa pedi baada ya mwaka?
6. Mishipa ya kusimamisha itaweza kuachwa?
7. Nitakaa nje ya kazi au mbali na nyumbani muda gani?
8. Bima inalipa nini, na nini nitatoa mfukoni?
9. Saratani ikirudi, tutafanya nini?
10. Mke wangu yuko hapa. Tafadhali mweleze na yeye.

Na wewe kaka uliyesoma mpaka hapa: kama baba au kaka yako aliugua, ukifika miaka 40 hadi 45 zungumza na daktari kuhusu kipimo cha PSA. Nenda na mkeo. Mkirudi mpitie sehemu mle chakula, maana mtakuwa na mengi ya kuongea.